Penseli ya babu, Gogu, na sado langu la dagaa

Zile siku za mwishoni mwa Oktoba 2025 intaneti ilivyokatika nchi nzima mi nilikuwa nyumbani Kitangiri hapa Mwanza nimekaa tu, Mwaloni sokoni kwetu kwa samaki hakuna biashara, barabarani hakuendeki, watoto wanauliza maswali sina majibu, na yaliyotokea siku zile sitayaongelea hapa, kila mtu anajua alichokiona na alichokisikia. Ninachotaka kusema ni kingine. Nilikuwa nimeshazoea kwamba kitu chochote kikitokea duniani, ndani ya nusu saa nishapata klipu kwenye grupu letu la maombi la watsapu, mtumishi fulani kasimama na ramani nyuma yake anatuambia hili liko Ezekieli, lile liko Ufunuo, wapendwa tumefika mwisho, tuma kwa watu kumi. Sasa siku hizo kimya, yani kama siku tano hakuna wa kunifafanulia chochote. Nikaenda kabatini nikatoa Biblia ya babu.

Ni ile Union Version ya 1952, jalada lake lilishatoka zamani babu akalishonea kipande cha tanga la mtumbwi, mpaka leo ukinusa kuna harufu ya samaki kwa mbali (au labda ni mimi mwenyewe nanuka dagaa, miaka kumi na mbili Mwaloni si mchezo). Babu alikuwa mvuvi kule kisiwani Ukerewe na mzee wa kanisa. Kila jioni saa mbili kamili anawasha redio, taarifa ya habari ya RTD, redio ya taifa ya enzi hizo, tunakaa kimya, ukikohoa unaangaliwa. Habari zikiisha anazima palepale kuokoa betri, maana zile betri mchana tulikuwa tunazianika juani juu ya bati ziongeze nguvu, alafu anavuta kibatari karibu, anafungua Biblia, penseli iko sikioni kama fundi seremala. Anasoma kimoyomoyo. Mara anaandika kitu pembeni ya mstari, kifupi mno, mwaka na neno moja au mawili, basi, anafunga, tulale.

Kwa hiyo kwa babu Biblia na redio vilikuwa kitu kimoja. Hakukuwa na klipu lakini kazi ilikuwa ileile.

Nikaanza kufuatilia maandishi ya penseli, mengine yamefifia mpaka unainamisha ukurasa kwenye mwanga. Nilipofika Ezekieli 38 nikacheka peke yangu. Pale kwa Gogu wa nchi ya Magogu, mkuu wa Roshi na Mesheki na Tubali, yule adui anayetabiriwa kuivamia Israeli, ambapo siku hizi kila mtumishi anakuambia Roshi ni Urusi kwa sababu majina yanafanana, babu kaandika "AMINI 1978". Gogu wa babu alikuwa Idi Amini! Na mstari wa 5 panapotajwa Uajemi na Kushi na Putu, chini ya Putu kapiga mstari kaandika "Libya, Mwanza 1979". Ikabidi niwaulize wazee, wakaniambia mbona hujui, Gaddafi alikuwa anamsaidia Amini, na ndege ya Libya ilikuja kweli kupiga Mwanza mwaka 1979 ikaukosa mji, mabomu yakaenda kuua swala. Sasa fikiria mtu amekaa Ukerewe, anasikia redioni Libya imeingia vitani, anafungua Ezekieli anakuta Putu, na Putu wasomaji wengi wa Biblia huiweka upande wa Libya. Hata mimi ningeogopa.

Na kuna lile neno la "pande za mwisho za kaskazini", kwamba Gogu atatokea huko. We simama pale Capri Point mjini Mwanza uangalie Ziwa Victoria, kaskazini kwetu ni nini? Uganda. Babu hakuhitaji ramani ya mtu. Mmarekani wa enzi za vita baridi akisimama kwake kaskazini anaiona Urusi. Kila mtu anasoma kaskazini kuanzia alipochomeka miguu yake, wakati nabii mwenyewe alikuwa na kaskazini yake, na hiyo Mesheki na Tubali wanaosoma historia wanasema ilikuwa huko Uturuki ya leo, na hilo "Roshi" kwa Kiebrania maana yake ni kichwa tu, ndo maana Biblia nyingine zinaandika "mkuu" hazitaji Roshi kabisa. Mi sikuyajua haya mpaka nimeanza kuchimba baada ya intaneti kurudi. Nilitegemea klipu.

Yeremia 50, hukumu ya Babeli, "Saddam 1991". Hapo babu hakuwa mbali sana kwa kweli, Saddam alikuwa anaijenga Babeli upya na matofali aliyapiga chapa ya jina lake. Ufunuo 8, ile nyota inayoitwa Pakanga inayofanya maji kuwa machungu, "Urusi, moshi 1986" na alama ya kuuliza. Hiyo ni Chernobyl, kile kinu cha nyuklia kilicholipuka, na kuna watu wengi duniani walisema hivohivo kwa sababu jina la ule mji linatokana na mmea wa jamii ya pakanga. Napenda ile alama ya kuuliza. Kwenye klipu za sasa hujawahi kuona alama ya kuuliza hata moja.

Sasa turudi Juni 2025. Wote mnakumbuka, tarehe 13 Israeli inaipiga Irani, Irani inajibu, tarehe 22 Marekani nayo inaingia, siku kumi na mbili. Grupu letu lilikuwa halilali. Uajemi imetajwa, Uajemi ni Irani (hilo halina ubishi), kwa hiyo Ezekieli 38 imeanza, wengine wakasema hapana siyo Ezekieli ni Yeremia 49, Elamu, ambako kweli ni upande wa kusini magharibi mwa Irani, wakagombana humo ndani mpaka admini akafunga grupu. Na desemba ya nyuma yake ilikuwa Dameski, Assad amekimbia tarehe 8 Desemba 2024, tukatumiwa Isaya 17 kwamba Dameski hautakuwa mji tena, mpaka leo Dameski ni mji na watu wanakunywa chai. Ukisoma 2 Wafalme 16 unakuta mfalme wa Ashuru alishaupiga na kuwahamisha watu wake zamani hizohizo za Isaya.

Kilichonifurahisha ni kwamba katikati ya vita hiyo, tarehe 19 Juni, daraja letu la Kigongo-Busisi linazinduliwa. Kilomita 3 juu ya ziwa. Watu tuliolala pale kivukoni tukisubiri feri na wagonjwa wetu na ndizi zetu, leo unavuka kwa gari dakika chache. Mama mmoja kwenye grupu akatuma picha yuko darajani anapunga mkono, mtu akamjibu, dada huu sio wakati wa kufurahia ya dunia, tuko kwenye saa ya mwisho. Akaifuta ile picha. Iliniuma sana ile.

Na 666 je, ile namba ya mnyama. Mnakumbuka 2019 kusajili laini kwa alama za vidole? Kwanza upate NIDA, kitambulisho cha taifa, foleni kuanzia alfajiri, alafu ukaweke kidole. Kanisani kwetu dada mmoja akagoma, akasema leo kidole kesho paji la uso, akasoma Ufunuo 13 madhabahuni, hawezi mtu kununua wala kuuza ila ana chapa. Januari 2020 laini ikafungwa. Akawa anaomba simu yangu kutumiwa hela na mwanae. Kwa hiyo chapa nimeipokea mimi ye anatumia. Simcheki, maana nilivyoweka kidole na mimi tumbo lilikuwa linacheza, na ilipokuja chanjo ya korona hofu ileile ikarudi, tena na mtumishi mpya.

Alafu ziwa. Mwaka 2020 ziwa lilijaa likaingia kwenye nyumba za watu wa pwani, mwaka 2024 likajaa tena zaidi, na katikati hapo nzige walishaingia kaskazini mwa nchi 2021, kwa hiyo ukawa na Yoeli wa nzige na Nuhu wa gharika kwa pamoja na korona juu yake. Nilienda kutafuta babu angesema nini nikakuta Mwanzo 7 kaandika "1961-64. Nyumba ya baba imeingia majini." Kumbe! Mvua za mwaka wa uhuru zilipandisha ziwa zaidi ya mita 2 ndani ya miaka mitatu, na likakaa juu miaka mingi. Babu aliuona mwisho wa dunia, akahamisha nyumba juu kidogo, akaendelea kuvua.

Lakini hayo yote siyo yaliyonifanya niandike. Ni kurasa tatu.

Ya kwanza ni Kutoka 7, maji ya mto kugeuka damu. Babu kaandika "Kagera 1994" alafu kakata kwa mstari mzito, mpaka karatasi imetoboka kidogo. Mi nilikuwa na miaka kumi na moja. Waliokuwepo mtakumbuka, maiti za Rwanda zilikuwa zinateremka na mto Kagera mpaka zinaingia ziwani, maelfu, watu wakaacha kula samaki, sangara wanaoza hakuna mnunuzi. Babu siku kadhaa hakutia wavu. Mjini kulikuwa na wahubiri wanapiga kelele kwamba ni pigo la kwanza la Misri, bado tisa. Na babu naye inaonekana aliandika hivohivo kwanza. Alafu akakata, na chini kaandika "hapana. Mwa. 4:10". Nikafungua. Ni Kaini na Habili, sauti ya damu ya ndugu yako inanililia kutoka katika ardhi.

Nilikaa na hiyo "hapana" muda mrefu. Mzee alikuwa na jibu tayari, lilikuwa linaendana kabisa, mto, damu, samaki. Akalikataa. Kwa sababu ukisema ni pigo la Misri basi wale maiti ni alama tu, ni kama nyekundu ya taa za barabarani inayokuambia jambo lako wewe. Ukisema Habili, basi ni ndugu wa mtu, na kuna Kaini, na kuna swali yuko wapi ndugu yako.

Ukurasa wa pili ni Luka 13. Mi nadhani hapa ndo mahali pekee kwenye Injili watu wanamletea Yesu taarifa ya habari kabisa, mpya mpya, kwamba Pilato kaua Wagalilaya damu yao ikachanganyika na dhabihu zao. Yani unaona kabisa wanasubiri atoe unabii, hii maana yake nini Bwana. Naye anawaongezea habari nyingine ya mjini, wale kumi na wanane walioangukiwa na mnara Siloamu, mnadhani wao walikuwa wakosaji kuliko watu wote wa Yerusalemu? Nawaambia, sivyo. Alafu anawageuzia wao wenyewe, tubuni.

Pembeni hapo babu kaandika "21/5/96" na jina la shangazi.

Shangazi alikuwa anatoka Bukoba kununua ndizi. MV Bukoba ilipinduka asubuhi karibu kabisa na Mwanza, imebeba watu kupita uwezo wake, watu zaidi ya mia nane wakafa, na wengi waliokuwa ndani walisikika wanagonga bati, ilipotobolewa ili watolewe hewa ikatoka meli ikazama moja kwa moja. Wamezikwa Igoma wengi wao, shangazi hatujui kama ni miongoni. Kwenye matanga nakumbuka mtu alisimama akasema kwenye ile meli kulikuwa na walevi na makahaba na Mungu amechoka. Babu alinyanyuka akatoka nje akaenda kukaa kwenye mtumbwi wake uliopakiwa mchangani mpaka giza. Sikuelewa. Nilielewa mwaka jana, nikiwa na hiyo Biblia magotini.

2018 tena, Septemba 20, MV Nyerere, siku ya gulio Bugolora, kivuko cha watu 101 kinakwenda kisiwa cha Ukara, wakafa 228. Na grupu lilikuwepo tayari 2018. Nilichotumiwa ile wiki sitakirudia, ila kilikuwa ni kilekile cha kwenye matanga, kimeongezewa muziki. Basi siku hizo za kukosa intaneti nilikamata penseli ya mwanangu ya shule nikaandika tarehe hiyo chini ya ya babu. Ndo maandishi yangu ya kwanza humo.

Ukurasa wa tatu hauna kitu. Ni kitabu cha Amosi chote. Sura tisa, nyeupe pee, hata alama ya kidole cha mafuta hakuna, wakati Ezekieli na Danieli na Ufunuo zimechakaa mpaka unasoma kwa kubahatisha. Babu wa kila jioni, babu wa penseli, Amosi hakumgusa. Nikasema ngoja nione kuna nini huku. Sikuwahi kumsoma hata mimi, na kwenye grupu sijawahi kuona klipu ya Amosi.

Anaanza vizuri tu, Dameski na Gaza na Tiro, habari za kimataifa, msikilizaji wa redio anapiga makofi. Alafu anakaribia anakaribia mpaka anaingia nyumbani kwa wasikilizaji. Sura ya 8 anawasema wanaouliza sabato itaisha lini tufungue biashara, mkiipunguza efa na kuiongeza shekeli (efa ndo kipimo chao cha nafaka, shekeli uzito wa kupimia hela), mkidanganya watu kwa mizani ya udanganyifu, na kuuza takataka za ngano.

Nikafunga Biblia.

Kwa wasio wa Mwaloni ngoja niwaeleze. Dagaa rejareja tunapima kwa sado, lile kopo la rangi la lita nne. Sado la plastiki unaweza kulipasha moto kitako ukakibonyeza kiingie ndani kidogo, kwa nje hakuonekani, ukijaza juu linafura vizuri mteja anafurahi, kumbe chini kuna kilima. Langu lilikuwa na kilima. Nilinunua hivohivo kwa mama aliyeniachia meza, nikakuta na ya jirani iko hivo, na ya jirani yake. Na takataka za ngano, jamani, ukianika dagaa mchangani badala ya kwenye kichanja wanabeba mchanga, na mchanga una ujazo. Mteja anakuja kuugundua kwenye ugali. Miaka kumi na mbili. Na Jumapili ibada ikirefuka ndo naangalia saa, maana gari la mzigo linaingia.

Sasa unajiuliza, babu mvuvi, aliyekuwa anapima samaki wake kwa wachuuzi kila asubuhi, kwa nini Amosi ni mweupe. Mi sitaki kumsingizia marehemu. Ila najua kwa nini kwangu alikuwa mweupe. Gogu yuko mbali, Gogu anapendeza, unaweza kukesha na Gogu na asubuhi ukaamka ukaenda kazini na sado lako lilelile.

Sisemi watu waache kusoma Biblia na habari, ningekuwa mjukuu wa ajabu. Mtu akisikia vita lazima atafute mahali pa kushika, na kwenye Mathayo 24 Yesu mwenyewe kasema mtasikia vita na matetesi ya vita, "angalieni, msitishwe", na "ule mwisho bado". Nashangaa tu huo mstari unavyotumwa ukiwa umekatwa nusu. Vita tunatumiwa, "msitishwe" inabaki kwenye Biblia.

Intaneti iliporudi niliandika Amosi 8 mstari wa 5 na wa 6 kwenye grupu, bila maelezo. Watu sabini na kitu humo. Tiki za bluu zikajaa. Baada ya dakika kama kumi mzee mmoja akajibu "Amina" na mikono miwili, alafu mtu akatuma klipu ya Gogu.

Sado jipya nimenunua Desemba, kitako flati kama meza. Imebidi nipandishe bei maana hesabu yangu yote ilikuwa imejengwa juu ya kile kilima, kumbe. Mteja wa kwanza alikuwa mama wa Nyakato nilimhudumia miaka, nikampimia, nikamweleza mwenyewe sasa hivi kipimo ni kamili mama angu, shika uone, akalipindua akaangalia kitako, akasema eeh ni kweli, alafu akauliza bei, akalirudisha mezani taratibu, akavuka kwa jirani.